Wembe Ulitangulia, Ugonjwa Ukafuata

Tumfikirie mama kijana wa Sigino, mojawapo ya kata za Mji wa Babati, mkoani Manyara. Ana mtoto wa kike wa miezi saba. Kwa siku tatu mtoto analia kila akikojoa, na mama akimvua nepi anaona ngozi imekuwa nyekundu na ina vipele. Mama mkwe anakuja, anamtazama mjukuu wake, anamfunika kanga na kusema:

"Lawalawa hiyo."

"Nimpeleke zahanati, mama?"

"Watamchoma sindano bure, mwanangu. Haya daktari hayajui."

Basi. Mtu aliyekulia katika mikoa ya Singida, Dodoma au Manyara haulizi tena dawa yake ni nini. Dawa ya lawalawa haikai kwenye chupa. Ni wembe.

Ndugu msomaji, juu ya ukeketaji yamesemwa mengi, na madhara yake wengi wetu tunaweza kuyataja kwa vidole: kutokwa damu, pepopunda, maumivu ya maisha, shida wakati wa kujifungua. Lakini hili la lawalawa halisemwi sana, nalo ndilo linalomnasa hata mama mwenye upendo, anayempeleka mtoto kliniki kila mwezi na kanisani kila Jumapili. Ukimwambia aache mila mbaya atakushangaa. Yeye hafuati mila yoyote, anamtibu mwanawe. Hivyo inafaa tuulize ugonjwa huu ulitoka wapi, na ulianza lini.

Mafundisho yalikoma, wembe ukabaki

Wazee wa Singida waliozungumza na watafiti wamekiri jambo la kushangaza: zamani hakukuwa na lawalawa. Vipele na miwasho vilikuwapo, maana watoto ni wale wale. Ila ugonjwa wenye jina hilo, unaosemekana kupona kwa kukatwa, haukujulikana. Wasichana walikatwa, tena wengi sana, lakini sababu iliyotolewa ilikuwa nyingine kabisa: kumtoa msichana utotoni na kumwingiza katika utu uzima.

Huku Babati, Wagorowa ambao ndio wenyeji, pamoja na ndugu zao Wairaqw, walikuwa na unyago wa wasichana ulioitwa marmo. Wasichana waliwekwa ndani kwa muda mrefu, wakifundishwa na akina mama wazee jinsi ya kuishi kama wanawake: kazi, heshima, unyumba, uzazi. Marmo ilishatoweka zamani. Mama wa leo wa Sigino hakuwekwa ndani, na huenda hata mama yake hakuwekwa.

Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa siku njema kwa mwanamke. Mwili wake ulihesabiwa kuwa jambo la ukoo mzima. Kwa Wairaqw, msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alionekana kuwa na unajisi unaoweza kuwadhuru wengine, akatengwa na watu, wakati kijana aliyempa mimba aliendelea kutembea mnadani kama kawaida yake. Kwa makabila mengi ya mikoa hii asiyekatwa hakuhesabiwa kuwa mwanamke kamili, hata angekuwa na umri gani. Kukatwa kulikuwa mlango, na hakukuwa na mlango mwingine.

Hata hivyo, wembe wa wakati ule ulikuja pamoja na mafundisho, na msichana alikuwa na umri wa kuelewa kinachotendeka. Tukumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililobadilika.

Marufuku na jina jipya

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilianza kupiga vita mila zilizoonekana kurudisha watu nyuma. Viongozi walipita vijijini wakihimiza nguo safi, nyumba bora, shule na zahanati, na katika mikoa ya kati walipiga marufuku kukeketa wasichana. Amri ilitoka juu, na aliyeileta alikuwa mwanamume, mara nyingi mgeni kijijini. Akina mama wenye watoto hawakuulizwa.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini zikaanza kusikika habari za maradhi mapya. Watoto wa kike wanawashwa, wanalia wakikojoa, wanatoka uchafu. Wazee wakatoa maelezo: mizimu imekasirika kwa kuwa mila imeachwa, na hii ndiyo adhabu. Wakatoa na tiba. Hivyo kile kilichokatazwa kikiwa mila kikarudi kwa mlango wa nyuma kikiwa matibabu. Polisi anaweza kuvamia ngoma, lakini atamvamiaje bibi anayemtibu mjukuu chumbani?

Na mtoto naye akabadilika. Sherehe ya msichana wa miaka 14 inaonekana na majirani. Kichanga cha wiki tatu hakionekani na yeyote. Hakisemi shuleni, hakikimbilii polisi, na kikikua hakitakumbuka. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa kati ya wanawake wa Tanzania waliokeketwa, 35 katika kila 100 walikatwa kabla ya kufikisha mwaka mmoja.

Hebu tuwaulize wazee swali hili kwa adabu: kama kukatwa ni kumfundisha msichana kuwa mwanamke, mtoto wa wiki tatu amefundishwa nini?

Hata London walikata ili kuponya

Msidhani kwamba kumtafutia mwanamke ugonjwa ili mwili wake ukatwe ni uvumbuzi wa Afrika. Wayunani wa kale walifundisha kwamba tumbo la uzazi hutangatanga mwilini na kumletea mwanamke wazimu. Na katika karne ya 19, jijini London, alikuwako daktari bingwa wa upasuaji aitwaye Isaac Baker Brown, mtu wa kuheshimiwa, mwenye hospitali yake. Huyu alidai kwamba kifafa, wasiwasi wa moyo na ukaidi wa wanawake hutokana na kinembe, na akawakata wanawake wengi akisema anawaponya. Mwaka 1866 alichapisha kitabu kueleza mafanikio yake. Mwaka uliofuata, 1867, chama cha madaktari wa uzazi cha London kilimfukuza. Moja ya lawama lilikuwa kwamba aliwakata wanawake pasipo wao wenyewe kujua atakachofanya.

Baker Brown hakuwa bibi wa kijijini asiyejua kusoma. Alikuwa na joho, kalamu na cheti. Alipofukuzwa, sijasikia popote kwamba kifafa kiliongezeka Uingereza.

Ugonjwa wa namna hii una kawaida moja: dalili zake ni pana mno kiasi kwamba kila mtoto anaweza kuwa nao, na tiba yake ni moja tu, ile ile iliyokuwa ikitakiwa tangu mwanzo.

Kinachomwasha mtoto

Je, basi akina mama wanaota? La hasha. Mtoto anawashwa kweli, analia kweli. Lakini madaktari hawajui ugonjwa mmoja uitwao lawalawa. Wanajua magonjwa kadhaa ya kawaida, na karibu yote yanatibika kwa urahisi.

Ngozi ya sehemu za siri za mtoto wa kike ni nyembamba sana, kwa kuwa mwili wake bado hauna homoni zinazoikomaza ngozi hiyo baadaye. Inachubuka upesi kwa mkojo uliokaa kwenye nepi, kwa sabuni kali, kwa vumbi la kukaa chini bila chupi. Fangasi hupenda mahali penye joto na unyevu. Minyoo midogo myeupe, ile inayotoka usiku njia ya haja kubwa, huwasha hata upande wa mbele, na mtoto akijikuna anajitia vidonda. Kisha kuna maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo huwapata watoto wa kike zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi na iko karibu na haja kubwa. Mahali ambapo maji hufuatwa mbali, na ndoo moja inagawanywa kwa kupika, kunywa na kuoga, si ajabu haya yote yakaonekana katika nyumba moja kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo mtoto aoshwe kwa maji safi ya uvuguvugu, bila sabuni kali, na akaushwe vizuri. Apanguswe kutoka mbele kwenda nyuma, asipanguswe kutoka nyuma kuja mbele. Nepi isiachwe na mkojo. Akishaanza kutembea avae chupi ya pamba. Mtoto mkubwa kidogo apewe dawa ya minyoo kama anavyoelekeza mhudumu wa afya. Akilia wakati wa kukojoa, akiwa na homa, au kama vipele havijapungua baada ya siku mbili tatu, apelekwe zahanati apimwe mkojo. Fangasi ina dawa yake ya kupaka, na maambukizi ya mkojo yana dawa yake ya kunywa.

Wapo watakaosema, "Lakini mtoto wa jirani alikatwa, akapona." Inawezekana sana. Baada ya kukatwa, mtoto huyo aliogeshwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, akalazwa mahali safi, akaangaliwa kwa wiki mbili kuliko alivyowahi kuangaliwa tangu azaliwe. Vipele vikaisha. Kazi ilifanywa na maji, sifa ikapewa wembe. Kama kidonda hakikuoza na damu ikakoma, familia inamshukuru ngariba. Kama mtoto alikufa, wanasema lawalawa ilikuwa imeshamzidi.

Na kuna jambo jingine ambalo ni zito kulisema. Mtoto wa kike anayetokwa uchafu wenye harufu, au damu, au anayeogopa kuguswa, huenda ameingiliwa na mtu, mara nyingi mtu wa karibu. Daktari akimpima anaweza kugundua. Ngariba akimkata, alama zinaweza kupotea, na aliyemdhulumu anakaa mezani na kula pamoja na wengine.

Madhara yenyewe hayaishii utotoni. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia wanawake 28,393 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na kutoa matokeo mwaka 2006. Waliokeketwa walihitaji upasuaji zaidi, walitokwa damu nyingi zaidi, na watoto wao walikufa zaidi. Ilikadiriwa kwamba ukeketaji huongeza kifo cha mtoto mmoja au wawili katika kila uzazi 100. Bibi anayemkata mjukuu leo anakata pia katika uzao wa mjukuu huyo.

Anayeshika wembe ni nani?

Kule Meru, nchini Kenya, mwezi Aprili 1956, baraza la wazee liitwalo Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji, likiungwa mkono na serikali ya kikoloni. Wazee wote hao walikuwa wanaume. Wasichana walijibu kwa kununua wembe dukani na kwenda vichakani kukatana wao kwa wao. Watu wakawaita Ngaitana, yaani "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo. Waliona bora kujikata wenyewe kuliko kuitwa watoto maisha yao yote. Ukisoma habari hizo kando ya habari za lawalawa unaona ni ndugu: amri inatoka juu, na wembe unatafuta njia ya chini.

Miaka 25 kabla ya hapo, hata hivyo, mahali pengine nchini humo palikuwa na jaribio tofauti. Katika misheni ya Kipresbiteri ya Tumutumu, karibu na Nyeri, akina mama Wakristo walianzisha chama walichokiita Ngo ya Tuiritu, yaani ngao ya wasichana. Walitoka kwenye malumbano makali ya mwaka 1929, ambapo wamisionari walisimama upande mmoja na viongozi wa siasa upande wa pili, wote wakigombania mwili wa msichana wa Kikikuyu pasipo kumsikiliza msichana mwenyewe. Mwezi Desemba 1931 akina mama hao waliliandikia baraza la wilaya, wakionyesha mshangao kwamba wanaume wanajadili tohara ya wanawake ilhali wao hawazai na hawayajui maumivu yake. Kumbuka, huo ulikuwa mwaka 1931!

Huku kwetu hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano wa wanawake wenye sauti. Wabarbaig, majirani wa Hanang, walikuwa na baraza la wanawake liitwalo girgwageda gademga. Mtafiti Mmarekani George Klima, aliyeishi nao katika miaka ya hamsini, aliandika habari zake mwaka 1964. Mwanamume aliyemkosea mwanamke, hasa katika mambo yanayogusa heshima yake na uzazi wake, aliweza kuitwa mbele ya wanawake waliokutana peke yao, akahukumiwa na kutozwa faini ya mfugo. Akikataa kulipa, walimlaani. Nasikia wanaume walilipa upesi! Watu hao hao waliokata wasichana wao waliamini kwamba heshima ya uzazi ina walinzi, na walinzi hao ni wanawake.

Hapa kanisa nalo linaguswa. Wapo waumini wanaosema tohara imo katika Biblia. Imo, kwa wanaume: soma Mwanzo sura ya 17. Tohara ya mwanamke haimo, si katika Agano la Kale wala Jipya. Hata hivyo mchungaji akilisema hilo mimbarini mara moja kwa mwaka halitafika chumbani kwa bibi. Vikundi vya akina mama ndivyo vinavyokwenda kumtazama mzazi, kumpelekea uji na kumsaidia kuogesha mtoto. Mwanachama mwenye umri wa bibi, akiwapo siku neno lawalawa linapotajwa, anaweza kusema, "Mwenzangu, huyu apimwe mkojo kwanza." Mama kijana hawezi kumwambia mama mkwe hivyo. Mwenzake wa rika lake anaweza.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, kwa kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Faini hiyo haifikii bei ya ng'ombe mzuri mnadani siku hizi. Tena sheria inahitaji shahidi, na shahidi wa pekee mara nyingi ana umri wa wiki tatu.

Pamoja na hayo yote, mambo yamesogea. Mwaka 1996, Manyara ilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Arusha, wanawake 81 katika kila 100 wa mkoa huo walikuwa wamekeketwa. Katika Mkoa wa Manyara peke yake, hesabu ilikuwa 71 mwaka 2010, 58 mwaka 2015-16, na 43 mwaka 2022. Kwa Tanzania nzima mwaka huo ilikuwa 8. Manyara na Arusha zilikuwa bado zinaongoza nchi.

Hesabu hizo ni za wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Mdogo kuliko wote aliyehesabiwa mwaka 2022 alizaliwa karibu na mwaka 2007. Mtoto wa kike atakayezaliwa Sigino mwezi huu ataingia katika hesabu hiyo baada ya miaka 15, awe amekatwa au hajakatwa.